Johnny Ramone: mpiga gitaa mkali, au nyapara wa bendi aliyejua kitu kimoja tu?

#1 Nyuzi Sita
Wakuu, salaam. Naleta mada hii kwenu kwa sababu jana nusura nikosane na rafiki yangu.

Namzungumzia John Cummings wa Forest Hills, Queens, New York, ambaye dunia inamjua kwa jina la Johnny Ramone. Kazaliwa Oktoba 8, 1948, kafariki Septemba 15, 2004. Kapiga gitaa kwenye The Ramones, bendi ya panki (roki ya kasi na fupi), tangu 1974 mpaka bendi ilipovunjwa 1996. Shoo 2,263. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone likampa nafasi ya 16 kwenye orodha ya wapiga gitaa 100 bora wa wakati wote.

Hoja yangu: nafasi ya 16 ni kubwa mno kwake. Mtu solo hapigi, yaani kile kipande ambapo gitaa linatamba peke yake. Kila wimbo ni kodi zilezile za gitaa (nyuzi kadhaa zikipigwa kwa pamoja), za kulaza kidole shingoni na kusogeza mkono mbele na nyuma. Ninavyoona mimi, ukubwa wa Johnny ulikuwa kwenye kuiendesha bendi: muda, pesa, mavazi, nani akae wapi kwenye gari. Alikuwa nyapara, tena nyapara mzuri. Lakini mpiga gitaa wa 16 duniani? Hapana.

Anayepinga aje na hoja, matusi aache nyumbani.

#2 Mkono wa Chini
Mleta mada, umewahi kuzipiga hizo nyimbo umesimama, kwa kasi ileile, piki (kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi) ikishuka tu bila kupandisha? Zile "kodi zilezile" ukizipiga nusu saa mfululizo utatafuta kiti.

#3 Mzee wa Santuri
Nimeweka kambi hapa. Ila mleta mada ameacha kitu: jarida hilohilo liliporudia orodha yake 2011 likamshusha mpaka nafasi ya 28.

#4 Fundi Ampli
Niseme kuhusu mkono, maana ndipo watu wanapopita haraka.

Chukua wimbo wenye mapigo 180 kwa dakika. Ukipiga mara mbili kwenye kila pigo, hiyo ni 360 kwa dakika, yaani sita kila sekunde. Mpiga gitaa wa kawaida anaigawa kazi hiyo: piki ikishuka inapiga, ikipanda inapiga. Mkono wake unashuka mara tatu tu kwa sekunde. Johnny alishuka zote sita. Wakati wa kupanda aliirudisha piki juu hewani bila kugusa waya, halafu akashusha tena.

Kwa nini mtu ajitese hivyo? Kwa sababu piki ikishuka inaanza na nyuzi nene, na uzito wa mkono uko nyuma yake. Ikipanda inaanza na nyembamba, na mara nyingi hata haifiki kwenye nene. Ukichanganya, sikio linapata nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Ukishusha tu, kila pigo linatoka na uzito uleule. Sasa ingiza hiyo kwenye ampli za Marshall zilizofunguliwa mpaka sauti inakwaruza. Unapata ukuta usio na ufa.

Na kuna la pili ambalo wanaomuiga huwa wanalikosa. Wengi wanapiga nyuzi mbili tatu za juu, zile nene, basi. Yeye alilaza kidole na kukamata zote sita. Ndiyo maana mlio wake una mng'ao kwa juu, si mngurumo mtupu.

Anayetaka ushahidi asikilize It's Alive, iliyorekodiwa ukumbi wa Rainbow, London, Desemba 31, 1977. Nyimbo 28 na saa moja haijaisha. Nafasi ya kupumua kati ya wimbo na wimbo ni pale tu mpiga besi anapohesabu mpaka nne.

#5 Nyuzi Sita
Fundi Ampli umeshusha nondo, ahsante. Lakini hapo umenieleza stamina. Hata kubeba zege kutwa kunataka misuli, na hatumpi mtu tuzo ya usanifu wa majengo kwa sababu hiyo.

#6 Mzee wa Santuri
Nyuzi Sita umegusa penyewe bila kukusudia. Johnny alikuwa mtu wa ujenzi kweli. Baba yake alikuwa fundi kwenye ujenzi, na yeye mwenyewe alishika kazi za mabomba. Alipokuwa kibaruani kwenye jengo moja la Broadway, Manhattan, Douglas Colvin, yaani Dee Dee, naye alikuwa ameajiriwa humohumo. Walikuwa wanakutana mchana wakati wa kula na kuongea bendi walizozipenda: The Stooges, New York Dolls.

Kazi yake ilipofika mwisho, Januari 1974, wakaenda Manny's, duka la vyombo vya muziki la mtaa wa 48. Johnny akachukua gitaa la Mosrite la bluu, Dee Dee akachukua besi ya Danelectro.

Alikuwa na miaka 25 wakati huo. Kabla ya hapo, alipokuwa kijana mdogo, alishapitia bendi moja ya mtaani na Tamás Erdélyi, mzaliwa wa Budapest, ambaye baadaye akawa Tommy Ramone. Ikafa, Johnny akaacha muziki miaka kadhaa. Kwa hiyo msimuone kama mtoto aliyekosa uvumilivu wa kujifunza solo. Huyu ni mtu mzima aliyeingia dukani anajua anachotaka.

#7 Kijana wa Kona
Samahani wakubwa, hivi hawa si walikuwa ndugu wa tumbo moja? Wote wanaitwa Ramone.

#8 Dada Besi
Hapana mdogo wangu. Hakuna hata wawili waliokuwa ndugu. Jina lilitokana na Paul McCartney, ambaye zamani alijiandikisha hotelini kwa jina la Paul Ramon. Dee Dee akalipenda, wenzake wakalibeba. Joey, mwimbaji, alikuwa Jeffrey Hyman, Tommy, mpiga dramu wa kwanza, ndiye huyo Erdélyi, na Johnny alikuwa mtoto wa pekee kwao.

Mzee wa Santuri hajataja bei. Ile Mosrite ilikuwa dola 50 na kidogo, na aliichukua kwa sababu mbili: ilikuwa rahisi, na hakuna mtu mwingine aliyeonekana nayo mjini. Kesi ya kuibebea hakuwa nayo. Aliibeba kwenye mfuko wa dukani.

#9 Kijana wa Kona
Sasa hiyo ya dola 50 ndiyo iliyokuja kuuzwa karibu dola milioni moja? Huo ndio uwekezaji!

#10 Dada Besi
Siyo hiyo. Ya bluu iliibiwa 1977. Iliyouzwa kwenye mnada 2021 kwa zaidi ya dola 900,000 ni nyeupe, Mosrite ya 1965, aliyoanza kuitumia baada ya ile ya kwanza kuibiwa na akaishika mpaka shoo ya mwisho. Itazame kwenye picha: rangi imekwanguka pale mkono wa kulia unapolala, mbao imebaki uchi. Hizo ndizo shoo anazozisema mleta mada.

#11 Mama Metronomu
Mimi nafundisha gitaa. Nakubaliana na mleta mada nusu.

Wanafunzi wangu wanakuja na solo za dakika tatu walizozikariri mtandaoni. Vidole vinakimbia, macho yamefumbwa. Nikiwaambia wapige kodi nne tu bila kuteleza, mapigo yasipishane hata kidogo kwa dakika mbili, wanashindwa. Siyo kwamba ni wavivu. Hakuna aliyewaambia kwamba kushika muda nako ni upigaji. Johnny alipiga ridhimu, yaani mapigo yanayoubeba wimbo, na kazi ya ridhimu ni kuwa mahali pake kila mara.

Lakini sitaki kusikia kwamba aliamua kutopiga solo kwa sababu ya falsafa. Alikuwa hawezi, na akaigeuza kasoro hiyo kuwa mtindo. Hilo nalo ni akili kubwa.

#12 Mkono wa Chini
Mwalimu, na heshima zote, hapo umeruka. Huyu alikuwa shabiki wa Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, na alisema wazi kwamba mtindo wa kushusha mkono aliuokota kwenye wimbo mmoja wa bendi hiyo. Alizisikia solo zote za enzi ile, zile za dakika kumi, akazichoka. Albamu ya kwanza ya Ramones ilirekodiwa Februari 1976 kwa dola 6,400 hivi, ikatoka Aprili mwaka huohuo: nyimbo 14, dakika 29. Kwenye nyimbo za urefu huo solo ungeiweka wapi?

#13 Sahani Kavu
Mbona hakuna anayesema kwamba kwenye albamu nyingi gitaa lingine lilipigwa na watu wengine? Kwenye Road to Ruin ya 1978, Tommy na prodyuza Ed Stasium waliongeza magitaa. Miaka ya 80 aliitwa Walter Lure, yule aliyekuwa na Johnny Thunders kwenye The Heartbreakers, akaongeza vipande kwenye albamu kadhaa. Kwa hiyo tunaposema "mlio wa Johnny", tunamsifia nani?

#14 Fundi Ampli
Sahani Kavu, hiyo ni kweli na haikuwa siri. Ila jukwaani alikuwa peke yake. Gitaa moja, miaka 22. Kwenye albamu ya kwanza sikiliza kwa spika zote mbili: gitaa limewekwa upande mmoja, besi upande wa pili. Zima upande wa besi, ubaki na Johnny mtupu. Hapo hakuna Walter Lure wa kumsaidia.

#15 Nyuzi Sita
Nimefanya hivyo sasa hivi na hedifoni. Nakiri inatisha, hakuna pigo lililolegea. Bado sijashawishika na nafasi ya 16.

#16 Kijana wa Kona
Nimesoma mahali kwamba prodyuza Phil Spector aliwatolea bastola studio. Ni kweli au chai?

#17 Mzee wa Santuri
Inategemea unamuuliza nani. Hiyo ni wakati wa albamu ya End of the Century, iliyorekodiwa 1979 na kutoka 1980. Dee Dee alisimulia kwamba Spector aliwaelekezea bastola. Marky, mpiga dramu wa wakati huo, alikubali kwamba Spector alikuwa na silaha lakini akakana kwamba aliwaelekezea. Wote wawili walikuwepo.

Wasichopingana ni habari ya kodi moja ya mwanzo wa wimbo. Spector alimfanya Johnny aipige, arudie, arudie tena, kwa saa nyingi, yeye anasikiliza na kuzungukazunguka. Johnny akataka kufunga virago. Na wakati wa kazi hiyohiyo baba yake akafariki.

Ilikuwa albamu iliyopanda juu kuliko zote walizowahi kutoa, nafasi ya 44 Marekani. Wimbo wao uliofanya vizuri kuliko yote Uingereza ulitoka humo, wa kubembeleza wenye vinanda na fidla, na Johnny hakupiga humo hata waya mmoja. Aliuchukia.

#18 Sahani Kavu
Hapo ndipo ninapoona mleta mada ana hoja. Mtu anachukia wimbo uliowaletea mafanikio kwa sababu hauna mlio wake. Huo ni ubosi.

#19 Mkono wa Chini
Au ni mtu anayejua bendi yake ni nini. Ingekuwa ni ubosi mtupu angeukumbatia huo wimbo, maana bosi anapenda hela.

#20 Bendera Mbili
Tuseme lililo wazi: Johnny na Joey hawakusemeshana kwa miaka. Wanasafiri gari moja, wanapanda jukwaa moja, salamu hakuna. Chanzo ni Linda. Alikuwa mchumba wa Joey, akaondoka na Johnny, na Johnny akaja kumuoa. Joey hakusamehe. Kuna wimbo wa 1981 ambao watu wengi wanaamini aliuandika kwa ajili hiyo.

#21 Mzee wa Santuri
Huo wimbo acha kwanza. Wapo watu wa karibu na Joey waliosema aliuanza kabla ya mambo ya Linda, na ulimhusu msichana mwingine ambaye wazazi wake hawakutaka awe naye.

#22 Mwanasiasa Mstaafu
Linda ni sehemu tu. Tazameni siasa. Johnny alikuwa mtu wa chama cha Republican tangu ujana wake, mshabiki mkubwa wa Reagan. Joey alikuwa Myahudi mwenye mrengo wa kushoto. Mei 1985 Reagan akaenda kutembelea makaburi ya Bitburg, Ujerumani, ambako wamezikwa pia askari wa Waffen-SS, kikosi cha Wanazi. Joey na Dee Dee wakaandika wimbo wa kumshambulia Reagan kwa hilo. Johnny akakasirika, na ulipoingia kwenye albamu ukabadilishwa jina ili lile la kumkejeli rais lisiwe mbele. Lakini alilipiga gitaa lake. Machi 2002, bendi ilipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki, Johnny akasimama pale jukwaani akamuombea baraka Rais Bush. Joey alikuwa amefariki mwaka mmoja uliotangulia.

Watu wawili wa aina hiyo wangegombana hata kama Linda asingezaliwa.

#23 Dada Besi
Mwanasiasa, mimi nimepiga besi kwenye bendi ya harusi ambamo mwimbaji na mpiga kinanda walikuwa hawasemeshani. Siasa haikuwepo, mwanamke hakuwepo. Ilikuwa hela. Ujumbe wote ulipitia kwangu. "Mwambie apunguze sauti." Wamesimama kiasi cha mtu kumshika mwenzake bega! Nageuka, namwambia punguza sauti, ananijibu "mwambie nimesikia". Bibi harusi anatucheza sisi, hajui lolote.

Kwa Ramones tazameni hela pia. Albamu za mwanzo nyimbo zote ziliandikwa kuwa ni za bendi nzima. Kuanzia 1981 kila mtu akaanza kuandikwa kwa jina lake, na waandishi wakubwa walikuwa Joey na Dee Dee. Johnny hakuwa mwandishi sana. Kipato chake kilitegemea shoo na fulana. Ndiyo maana alikuwa mkali na ratiba. Shoo isipofanyika, yeye ndiye anayeumia.

#24 Kijana wa Kona
Fulana zile za tai? Mimi ninayo! Nilidhani ni kampuni ya nguo.

#25 Mzee wa Santuri
Hahaha, hauko peke yako. Ile alama ilichorwa na Arturo Vega, msanii mzaliwa wa Mexico aliyekuwa pia mtu wa taa wa bendi. Aliigiza muhuri wa rais wa Marekani. Tazama vizuri kwenye fulana yako: badala ya tawi la mzeituni tai ameshika tawi la mtufaha, na badala ya mishale ameshika gongo la besiboli. Gongo ni kwa ajili ya Johnny, aliyekuwa mwendawazimu wa besiboli na timu ya Yankees.

#26 Nyuzi Sita
Sasa mnanipa hoja yangu mikononi. Dada Besi kamuonesha msimamizi wa kipato, Mwanasiasa kamuonesha mtu wa msimamo mkali. Nyapara!

#27 Mama Metronomu
Unatenganisha vitu ambavyo kwa mtu huyu havitenganiki. Alisoma shule za kijeshi. Ujana wake, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa wa ukorofi, kurusha televisheni kutoka juu ya paa la ghorofa na mengine mabaya zaidi. Halafu siku moja, ana miaka kama 20, anatembea mtaani kwao, akasikia kama sauti inamuuliza anafanya nini na maisha yake. Akaacha ghafla. Mtu wa namna hiyo akishika gitaa, unategemea apige vipi? Upigaji wake ni nidhamu hiyohiyo. Tazama picha za jukwaani: miguu imepanuliwa, gitaa chini karibu na goti, halafu yeye na Dee Dee wanasogea mbele kwa pamoja na kurudi nyuma kwa pamoja. Hilo halitokei kwa bahati.

#28 Sahani Kavu
Kwa hiyo dakika tano zilizopita alikuwa hawezi solo akageuza kasoro kuwa mtindo, sasa ni nidhamu ya kijeshi. Mwalimu, chagua.

#29 Mama Metronomu
Sichagui. Vyote viwili.

#30 Bingwa wa Historia
Naona mnasahau jambo kubwa kuliko yote. Julai 4, 1976 Ramones walipiga Roundhouse, London. The Clash na Sex Pistols wakawa ukumbini, wakaona, wakaenda kuanzisha bendi zao. Bila gitaa la Johnny hakuna panki ya Uingereza.

#31 Mzee wa Santuri
Taratibu. Usiku huohuo wa Julai 4 Sex Pistols walikuwa Sheffield wanapiga, na waliowafungulia jukwaa walikuwa The Clash, ndiyo shoo yao ya kwanza kabisa. Kwa hiyo hawangeweza kuwa Roundhouse, na bendi zote mbili zilishakuwepo. Ramones walipiga tena London kesho yake, hapo ndipo baadhi yao walipokutana nao.

#32 Bingwa wa Historia
Tarehe umenipata, hoja hujaigusa. Sikiliza bendi za Uingereza kabla na baada ya majira yale. Kasi iliongezeka. Waliisikia albamu.

#33 Fundi Ampli
Kwa athari, usiende mbali. Mwaka 2003 ilitoka albamu ya kuwaenzi Ramones na Metallica wakawamo. Watu wa metali (roki nzito), wenye solo za kila aina, wanakuja kumuenzi mtu asiyepiga solo. Ule mkono wa kushusha tu ndio msingi wa ridhimu yao.

#34 Bendera Mbili
Turudi kwenye utu. Joey alilazwa na saratani ya tezi za limfu, akafariki Aprili 15, 2001. Johnny hakwenda hospitali, hakupiga simu, mazikoni hakuwepo. Miaka 22 kwenye bendi moja! Hilo siwezi kulipamba.

#35 Dada Besi
Mimi namuelewa, ingawa sikubaliani naye. Alisema mwenyewe kwamba asingependa mtu asiyempenda aje kumuona akiwa mgonjwa. Na alikiri baada ya kifo kile kwamba kilimuumiza kuliko alivyotarajia. Mtu anaweza kukataa unafiki na bado akaumia.

#36 Mwanasiasa Mstaafu
Au hakutaka kuonekana dhaifu. Malezi yale ya baba fundi, shule ya jeshi. Agosti 1983 alipigwa barabarani New York mpaka fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa ubongo. Albamu iliyofuata wakaiita Too Tough to Die. Mtu wa hivyo hakai kando ya kitanda akishika mkono wa hasimu wake.

#37 Bendera Mbili
Hayo ni maelezo, siyo udhuru.

#38 Sahani Kavu
Kuna uwezekano wa tatu: labda hawakuwa marafiki tangu mwanzo. Tunawalazimishia urafiki kwa sababu walivaa koti moja la ngozi na jinzi moja iliyochanika magotini. Wenzako wa kazini wangapi umewatembelea hospitali?

#39 Dada Besi
Wote. Wewe je?

#40 Mkono wa Chini
Narudi kwenye swali la miaka 22, maana mleta mada amelijibu haraka mno kwa neno "nyapara". Kwa nini hawakuvunja bendi mapema? Marekani hawakuwahi kuuza sana. Albamu ya kwanza iliishia nafasi ya 111, na cheti cha dhahabu, nakala 500,000, ilikuja kukipata 2014, miaka 38 baadaye. Kule kwao walikuwa wanazunguka kwenye kumbi za kawaida, na Machi 1996 wakajaza uwanja wa River Plate, Buenos Aires. Kwa hiyo ile ya kusema "alikuwa anafuata hela" haijakaa sawa, na ile ya kusema "alikuwa anapenda muziki tu" nayo haijakaa sawa, maana siku ya mwisho, Agosti 6, 1996, ukumbi wa The Palace, Hollywood, alishuka jukwaani na hakurudi tena. Gitaa jeupe akaliuza. Mpenzi wa gitaa anauza gitaa lake?

#41 Nyuzi Sita
Hapo ndipo penyewe! Jimmy Page hakustaafu gitaa akiwa na miaka 47.

#42 Mama Metronomu
Fundi akimaliza jengo anaweka chombo chini. Halikuwa penzi, ilikuwa kazi aliyoifanya kwa heshima yote. Siku tatu kabla hajafa wenzake walifanya tamasha kwenye ukumbi uleule, wakati huo ukiitwa Avalon, kutimiza miaka 30 ya bendi na kuchangia utafiti wa saratani. Yeye alikuwa mahututi nyumbani Los Angeles, saratani ya tezi dume. Marafiki zake wa karibu walikuwa wanamuziki wa rika la chini, kina Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam. Kuna sanamu yake ya shaba pale makaburi ya Hollywood Forever, na kwenye sanamu hiyo amepakata gitaa. Kwa hiyo hilo la kuuza msilipe uzito sana.

#43 Kijana wa Kona
Mimi nimewasikiliza wakubwa tangu asubuhi, nimeshawishika kujaribu. Nina gitaa la umeme la kuazima. Naanzaje huo mkono wa kushuka tu? Nimejaribu dakika mbili, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kidole gumba panawaka moto.

#44 Fundi Ampli
Unakaza bega. Simama, shusha mkanda mpaka gitaa lifike nyongani, usilishushe mpaka gotini kama yeye, bado. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 100, shusha mara mbili kila pigo. Mwendo utoke kwenye kiganja, kana kwamba unakung'uta maji. Piki itokeze kidogo tu chini ya kidole. Ikitokeza nyingi inanasa kwenye waya na unaanza kutumia nguvu. Ukiweza dakika tatu bila maumivu, ongeza kumi. Ikiuma, acha, hiyo siyo ujasiri, ni mshipa.

#45 Mama Metronomu
Nakubali yote isipokuwa kiganja peke yake. Kwenye 100 kiganja kinatosha. Kwenye 180, ukiangalia video zake za karibu, mkono wote wa chini unacheza kuanzia kiwikoni. Ukimfundisha kijana kiganja tu, atakwama kwenye 150.

#46 Fundi Ampli
Video ipi, mwalimu? Zile za 1977 pale Rainbow naona kiganja.

#47 Mama Metronomu
Hizohizo. Tazama kiwiko, siyo piki.